Kucha za Salomon

Maiti ya Salomon ilikuwa bado kitandani, na tayari mama yake, Anastasie, alikuwa ameshamtaja muuaji: mkamwana wake, Consolée.

"Alimupa sumu," alimwambia Inspekta Laetitia. "Daktari alitoa maji nyeupe mu kifua yake. Nyeupe kama maziwa."

Nje, vijana wa mji wa Kasongo walishaokota mawe. Laetitia alimfungia Consolée jikoni na kuuweka ufunguo mfukoni. Hakupenda watu wenye haraka ya kushtaki. Mara nyingi huwa na lao jambo.

Daktari Yves, aliyemtoa marehemu maji hayo alfajiri, alimvuta kando.

"Si sumu. Mwezi uliopita alipasuliwa pafu Bukavu, kwa vitundu vidogo na kamera. Mara chache sana, mshipa unaobeba mafuta ya chakula hutoboka, ukavuja maji hayo meupe kifuani, yakalibana pafu. Alipaswa kula bila mafuta mpaka mshipa upone. Nilimweleza mkewe."

Laetitia aliingia jikoni.

"Ulimpikia nini?"

"Ugali wa bukari na majani ya sombe. Maji na chumvi, basi. Alilalamika, majirani wakanicheka. Tangu arudi, mafuta haikuingia mu nyumba hii."

Inspekta alipitisha kidole ndani ya sufuria. Kikatoka kikavu, bila utelezi wa mafuta. Akarudi kwa maiti, akainua mkono wa kulia. Chini ya kucha palikuwa na rangi ya chungwa.

"Mama Anastasie, Consolée akienda sokoni, nani alikuwa akibaki na mgonjwa?"

"Mimi."

"Mafuta ya mawese haipandi kitandani yenyewe, mama."

Mwanamke yule aliketi chini.

"Mutoto alikuwa anakonda. Nilifikiri bibi yake, huyu Consolée, anamunyima mafuta kusudi afe, yeye aolewe na mwingine. Nikamupikia sombe na mawese, siku tano."

"Hukuambiwa imekatazwa?"

"Consolée aliniambia mafuta itamujaa mu kifua. Nikamuita muongo."

"Na maji meupe yalipotoka?"

"Nikajua. Basi nikakuwa wa kwanza kusema sumu, watu wasiulize juu ya sahani yangu."

Laetitia alimwonea huruma, na hasira vilevile. Alifungua mlango wa jikoni.

"Utatoka nje, mama, uyaseme hayo mbele ya wenye mawe. Kisha twende kituoni."

Consolée, aliyesikia yote, aliuliza neno moja tu.

"Mama, alishiba?"

"Alilamba vidole," alisema Anastasie, akatangulia kutoka.