Ukoo Mzima Mbele ya Simu

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha la chumba cha kushonea, akafuta vumbi kwenye mashine, kisha akachukua futi yake ya kitambaa. Zamani futi hiyo ilipima wateja tu. Sasa alijipima mwenyewe. Aliizungusha kwenye mkono wa kushoto, upande aliotibiwa saratani ya titi, akihofia kwamba uvimbe ungekuwa dalili ya ugonjwa kurudi.

"Haujavimba," alijinong'oneza. Baada ya saa moja alipima tena.

Matibabu yalikuwa yamekwisha miezi mitano iliyopita. Nyumbani walifurahi mno. Mumewe, seremala mwenye maneno mengi, alitoa amri: "Jina la ugonjwa ule lisitajwe tena humu ndani." Redio ilipoutaja, mama mkwe aliizima. Wote waliamini kwamba wanamsaidia. Basi fundi naye akanyamaza. Hakuwaambia kwamba kila maumivu madogo yalimtia hofu. Wala hakuwaambia kwamba ameamua kutokwenda kwenye uchunguzi wa miezi sita baada ya matibabu.

Aliyegundua ni jirani yao, muuguzi, siku alipofuata sketi yake.

"Dada, uchunguzi wako ni lini?"

"Siendi. Nikienda wataniambia umerudi."

"Na usipokwenda?"

"Angalau nitalala."

"Kwani sasa unalala?"

Fundi aliinamia pindo la sketi. "Hapana."

Muuguzi akavuta kiti. "Mwili wako umetibiwa. Moyo nao unahitaji huduma. Hofu hii huwapata wengi waliopona. Si udhaifu, wala si wazimu. Kuna kundi la watu wanane waliougua kama wewe. Hukutana kwa video, kwenye simu, kila Jumatano saa nne asubuhi. Anayeliongoza ni mshauri aliyesomea kazi hiyo. Kundi halichukui nafasi ya daktari. Linakusaidia kuibeba hofu, ili miguu ikufikishe kwa daktari."

"Nimwage ya moyoni mbele ya watu nisiowajua?"

"Siku ya kwanza sikiliza tu. Hakuna anayelazimishwa kusema."

Fundi alikubali. Seremala aliposikia habari hiyo, alikurupuka.

"Wageni wanane! Hawawezi kuikuta nyumba katika hali hii."

Jumatano alipanga viti sebuleni na kuvaa koti lake la harusini. Mama mkwe alifunga kilemba kipya. Saa nne ilipofika, wanakundi waliona kwenye simu zao ukoo mzima umejipanga: fundi katikati, mume kulia, mama mkwe kushoto, na mabinti zao wawili nyuma.

"Karibuni sana!" seremala alisema kwa sauti kuu. "Jisikieni mko nyumbani!"

"Baba, wako nyumbani kwao," binti mkubwa alimnong'oneza.

Mama mkwe aliisogelea simu. "Huyu mwenye miwani mbona amekonda? Anakula kweli?"

Mwenye miwani alikuwa mwalimu mstaafu. "Nakula, mama," alijibu. "Meno ndiyo yamegoma."

Kundi zima liliangua kicheko. Mshauri alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema kwa upole, "Fundi ana bahati kuwa nanyi. Lakini hapa hukutana waliougua peke yao, mlango ukiwa umefungwa. Yanayosemwa hayatoki nje. Wakati mwingine mtu hushindwa kusema mbele ya anaowapenda, kwa kuwa hataki kuwaumiza."

Seremala alimgeukia mkewe. "Kuna jambo unashindwa kutuambia?"

"Lipo," fundi alijibu.

Seremala aliinuka. Aliwatoa wote, akauvuta mlango polepole, kama wa chumba cha mtoto aliyelala.

Fundi alikusudia kusikiliza tu. Lakini mwalimu mstaafu alisema kwamba yeye huikagua shingo yake, alikotibiwa saratani, kwenye kioo kutwa nzima. Fundi akashtuka.

"Mimi napima mkono kwa futi!"

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tano. Wateja wakiwa wengi, tatu."

Walicheka pamoja. Hakuna aliyemhurumia, na hilo lilimpendeza. Mshauri aliwafundisha kupumua polepole hofu inapopanda. Aliwataka wamwulize daktari ni dalili zipi za kuripoti, ili wasihangaike na kila kitu.

Jumatano ya tatu fundi alisema, "Uchunguzi wangu ni Jumatatu. Naogopa saratani kurudi." Alipoona kwamba ameyasema na paa halijaanguka, aliyarudia mbele ya mumewe na mama mkwe.

"Nitakusindikiza," seremala alisema.

Jumatatu daktari alisoma majibu. "Hatujaona dalili yoyote ya ugonjwa. Tuonane baada ya miezi sita."

Fundi alitoka akitaka kupiga vigelegele. Akamkuta mumewe ameketi kwenye benchi la ukumbini, karibu na mlango wa daktari.

"Baba watoto, ni habari njema!"

"Nimesikia." Machozi yalimtoka. "Nililikataza lile jina kwa sababu mimi ndiye niliyeogopa kulisikia."

Fundi aliketi, akamshika mkono. "Mshauri anaanzisha kundi la waume na wake za waliougua. Wenzako wapo."

"Basi niandikishe sasa hivi," seremala alisema, "kabla sijajifanya shujaa tena."

Fundi alicheka kwa sauti, mpaka watu wa benchi la pili nao wakacheka bila kujua sababu.