Rota ya Akiba

"Piga tena," alisema Mzee Kaanaeli.

Elisaria akabonyeza stata. Gari likasema tik, likanyamaza. Wanawake waliokuja kumsindikiza bibi harusi wakaacha kuimba, mmoja baada ya mwingine, na ikabaki mvua peke yake juu ya migomba. Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na wingu tangu alfajiri.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Mzee Kaanaeli alilinunua kwa mlowezi mmoja wa Kiingereza mwaka ambao kahawa ilipata bei nzuri, na tangu hapo halikupata mganga mwingine ila Elisaria, fundi wa gereji ya Tarlochan Singh kule Arusha mjini. Ndiyo maana mzee alimwomba yeye awe dereva siku ya kumwoza binti yake. Hakujua anamwomba nani. Elisaria na binti huyo, Tabea, walikuwa wakipendana tangu kijana huyo arudi kutoka vita vya Burma, ila alikawia kupeleka posa, akisema ajenge nyumba ya bati kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alipokuwa akitafuta bati, mwalimu Ndesanjo wa Machame alileta pombe ya posa, na Mzee Kaanaeli akainywa, yaani akakubali.

Jumapili iliyopita walikutana kwenye mfereji, Tabea akiteka maji. Elisaria alimwambia yuko tayari kusimama mbele ya mzee na kusema yote, lakini kwanza ajue kama Tabea mwenyewe anamtaka bado. Asije akamwaibisha binti wa watu bure.

"Siwezi kumkataa baba kwa mdomo wangu," alisema Tabea. "Pombe ya watu imo tumboni mwake."

"Basi nipe ishara. Hata ndogo. Nikiiona tu, nitasema."

"Nitakupa. Wewe ni fundi, utaiona."

Kwa hiyo asubuhi hiyo Elisaria alikuwa na kazi mbili: kutafuta ubovu wa gari na kutafuta ishara. Kila alipoinua kichwa kutoka kwenye boneti alitazama dirisha la chumba cha Tabea. Alitarajia kitambaa, au mkono, au hata macho tu. Pazia halikutikisika, na moyo wake ukazidi kuwa mzito.

Alianza na betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe, akavimwagia maji ya moto na kuvikwangua kwa kisu. Stata ikazunguka vizuri, lakini gari halikuwaka. Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini, mtu mmoja akabonyeza stata. Hakuna cheche. Akachomoa waya wa koili, cheche ikaruka, ya buluu na yenye afya. Basi moto ulikuwa unatoka kwenye koili na kupotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Akafungua kifuniko cha distribyuta.

Rota haikuwamo. Kile kipande cheusi kinachozunguka na kuigawia kila plagi moto wake kilikuwa kimeng'olewa, na bila hicho gari halina tofauti na banda la kuku.

Hapo ndipo ninapomkasirikia Elisaria mpaka leo. Maana badala ya kushtuka, alitabasamu. Jeshini walifundishwa kung'oa rota kila walipoliacha gari, adui asiliibe, naye alimfundisha mzee vivyo hivyo. Kila jioni Mzee Kaanaeli aliing'oa na kuitia kwenye mfuko wa koti. Elisaria akamwuliza taratibu kama ameirudisha. Mzee akapapasa koti, akapitisha kidole kwenye tundu la mfuko, akasema labda imeanguka, kwa wageni hawa wote hakumbuki hata alichokula jana.

"Usihangaike, mzee wangu," alisema Elisaria. "Nilikuwekea ya akiba."

Akaitoa kwenye sanduku la vifaa, akaipachika, akafunga. Gari likaunguruma. Mzee akawageukia watu, akawaambia wapige vigelegele, na vigelegele vikapigwa mpaka ng'ambo ya mfereji.

Ndipo Tabea akatoka. Shangazi yake Hanna alimshikia mwavuli mpaka garini, kisha akarudi ndani pamoja na mzee kuchukua kofia na Biblia. Elisaria alipoinama kufunga mlango, Tabea alimtilia mkononi kitambaa kilichofungwa fundo. Hakuhitaji kukifungua. Vidole vyake vilikijua kilichomo.

"Uliichukua wewe," alisema.

"Jana, baba alipolala, niliitoa kwenye koti lake. Nilijua ukiikosa utajua ni mimi."

"Nilidhani mzee ameipoteza. Tabea, nilikuwa natazama dirisha."

"Kwa nini utazame dirisha? Nilikwambia wewe ni fundi." Machozi yalimtoka bila sauti. "Lingelala hapa leo, harusi ingeahirishwa, na asingelaumiwa mtu. Ungepata nafasi ya kukaa na baba."

"Nalizima sasa hivi. Nitamwambia yote."

"Usizime. Lilipokuwa limekufa lenyewe, mzigo ulikuwa wa gari. Sasa watu wamelisikia likinguruma, baba amewapigisha vigelegele. Ukilizima, aibu ni yake, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempa."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikungoja, Elisaria."

Mzee Kaanaeli akatoka akiwa amevaa kofia, akapanda mbele, akampiga fundi begani kwa furaha. Wakateremka kuelekea kanisani, karibu na Usa River, mzee akilisifu gari njia nzima.

Wakati wa ibada Elisaria hakuingia. Alisimama mvuani, akafungua boneti, akaing'oa rota ya akiba. Akawa na zote mbili kiganjani. Gari hilo ndilo lililotakiwa kuwapeleka maharusi Machame baada ya ibada, naye alijua likilala pale hawatafika leo. Ndani waliimba wimbo wa mwisho. Akalia kwa uchungu, mtu mzima peke yake, kisha akachukua ile iliyotoka kwenye kitambaa cha Tabea na kuipachika mahali pake.

Bwana harusi alikuwa mtu wa adabu. Alimshika mkewe mkono kwenye tope, akamsalimu dereva.

"Fundi, nimesikia gari liliwasumbua asubuhi. Litatufikisha?"

"Litawafikisha, mwalimu."

Tabea alikuwa ameinamisha kichwa. Elisaria akabonyeza stata, na gari likawaka mara moja.