Barua Zilizorudi kwa Ripeka

Ripeka alikamua ng'ombe kumi na mmoja kila asubuhi. Tangu mumewe azikwe alikamua peke yake. Alitenga krimu kwa mashine, akaburuta ndoo hadi barabarani ichukuliwe na gari la kiwanda, kisha akarudi jikoni akakaa. Chai ikapoa mbele yake. Hakuona sababu ya kuinywa, wala ya kuimwaga.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Paratene. Kijana alikwenda vitani na wenzake wa ukoo, wakapigana na Wajerumani katika kisiwa cha Krete. Ikaja simu ya maandishi ya serikali: hajulikani alipo. Baada ya miezi mitano ikaja kadi, mwandiko wake mwenyewe. Alisema ni mzima, ametekwa, na tafadhali wamwandikie. Juu ya kadi paliandikwa Dulag, na namba.

Anaru, mumewe Ripeka, alidhani Dulag ni mji. Aliazima ramani ya shule, akapitisha kidole chake kinene Ujerumani yote, asiuone. Akasema labda ni kijiji kidogo kama chetu. Basi wakaandika. Barua nne, zote za kwenda Dulag. Mwaka uliofuata zikarudi zote siku moja, zimefungwa kamba, zimegongwa mhuri: hayupo hapa.

Hayupo. Anaru alipoteza kaka wawili katika vita ya kwanza, na habari zao zililetwa na bahasha za serikali. Safari hii hakusubiri bahasha. Alichukua picha ya Paratene, ile aliyopigwa akiwa na sare, akaitundika ukutani katika nyumba ya ukoo, katikati ya picha za hao kaka zake wawili. Watu wakaja wakalia siku mbili. Na ukuta ule ni wa waliokufa tu. Aliye hai hatundikwi pale, hata kwa mzaha.

Wiki mbili baadaye, mwezi wa Aprili, bahasha ya serikali ikaja.

"Mtoto nimeshamlilia," Anaru alisema. "Sitaki karatasi iniambie mara ya pili."

Akaichomeka nyuma ya saa ya jikoni. Ripeka naye hakuigusa. Alipanguza vumbi la saa kila Jumamosi, akaipita bahasha. Anaru akaacha kuongea, kisha akaacha kula. Baridi ilipoanza, kifua kikamkamata, naye hakujisumbua kushindana nacho. Alikufa Agosti.

Ngahuia, binti wa mdogo wake Ripeka, alichelewa mazishi. Alikuwa mjini, akifunga mizigo ya Msalaba Mwekundu ya kupelekewa mateka. Alipofika alimkumbatia mama yake mkubwa, wakalia pamoja mpaka wakachoka. Halafu akaona zile barua nne chini ya kopo la chai. Akasoma anwani.

"Mama mkubwa, nani aliwaambia Dulag ni mji?"

"Baba yako mkubwa. Kwani si mji?"

"Si mji. Ni neno la jeshi la Wajerumani. Ni kambi ya kupitia tu. Mateka anafikishwa pale, anaandikwa jina, kisha anahamishwa. Kambi ya kukaa wanaiita Stalag. Waingereza wameyachukua maneno hayo vilevile yalivyo. Wanayasema redioni, wanayaandika magazetini, na hakuna anayejisumbua kutuambia maana yake."

"Kwa hiyo ule mhuri..."

"Maana yake alishaondoka pale. Hausemi kwamba amekufa."

Ripeka alishika ukingo wa meza. Ngahuia akamuuliza kama kuna barua yoyote ya serikali iliyokuja baadaye, maana mateka akihamishwa, watu wa nyumbani huandikiwa. Ripeka alinyoosha kidole kwenye saa.

Ngahuia akaifungua. Jina la Paratene lilikuwamo, namba yake ya mateka, na Stalag aliyopelekwa. Anaru aliishi na karatasi ile miezi minne, hatua sita kutoka kitandani kwake.

"Ilikuwa nyuma ya saa," Ripeka alisema. Akarudia, "Ngahuia, ilikuwa nyuma ya saa."

Ngahuia alitafuta kalamu.

Akamwelekeza polepole. Kwanza jina lote, chini yake namba ya mateka, kisha Stalag na namba yake, halafu Ujerumani. Juu aandike kwamba ni barua ya mateka wa vita. Stempu haihitajiki. Asitaje meli wala mambo ya vita, maana wakaguzi watayakata. Na Paratene akihamishwa tena, afuate anwani mpya, aiache ya zamani. Mzigo nao una zamu yake, kila miezi mitatu: soksi, sabuni, chokoleti. Barua isiwekwe ndani.

"Hata kikaratasi kidogo ndani ya soksi?"

"Hata hicho. Kikionekana watazuia mzigo wote."

Ngahuia akauliza kama habari ya kifo cha Anaru ingojee kwanza. Ripeka akakataa. Alisema mtoto asije akarudi akaikuta kwenye kiti kitupu. Aliandika asubuhi nzima, ng'ombe wakilia nje. Barua ya kwanza itakayomfikia mwanawe, na ilibidi iwe hiyo.

Kisha walikwenda nyumba ya ukoo. Ripeka aliitungua picha ya Paratene kwa mikono yake. Msumari ulibaki ukutani. Akatundika hapo ya Anaru.

Jibu lilichukua miezi saba. Siku hizo Ripeka alikuwa hapeleki bahasha yoyote nyumbani. Alizifungua palepale barabarani, kando ya ndoo ya krimu, hata za kodi. Hii nayo aliifungua hapohapo.

"Mama," Paratene aliandika, "hii ndiyo barua ya kwanza kunifikia tangu nitekwe. Wenzangu wakiitwa kupokea zao, mimi nilikuwa nasimama tu. Nilidhani mmekufa. Nilishawalilia wote wawili. Sasa nimerudishiwa mmoja."

Ripeka aliisoma mara tatu. Akaikunja, akaenda nyumba ya ukoo kumsomea Anaru.