Kikohozi cha Safu ya Mbele

Siku hiyo maduka ya vifaa vya umeme yalikuwa yanapigana kwa spika. Kila duka limefungulia wimbo wake mpaka mwisho, na mtu akipita katikati alitokea upande wa pili kichwa kimejaa nyimbo kumi, na hata moja hajaisikia vizuri. Ndani ya vurugu hiyo akaja mwanamke mmoja, gauni la bluu iliyokolea, viatu vya kisigino kifupi, mkoba kaubana kwapani, anatembea kama aliyebeba yai. Akalipita duka la kwanza, la pili, la tatu. Akasimama la nne, kwa sababu moja tu: lilikuwa kimya.

"Mbona wewe hupigi muziki?" akauliza.

Aliyekuwa nyuma ya kaunta akainua macho. Mwanamume wa arobaini na ushei, shati la mikono mirefu limekunjwa mpaka viwikoni, hedifoni zinaning'inia shingoni kama mkufu. Watu wote pale walimwita Fundi.

"Nayapumzisha masikio, dada. Ndiyo yanayonilisha."

Mwanamke akafungua mkoba, akatoa soksi. Soksi nyeusi ya kiume, moja. Akaiweka juu ya kioo cha kaunta.

Fundi akaitazama. "Karibu sana. Ila viatu vinauzwa duka la mwisho kule."

Mwanamke hakutaka kucheka, akacheka. Akaivua ile soksi, na ndani yake kikatoka kinasa sauti kidogo cha zamani, kimechubuka pembeni, kifuniko cha betri kimeshikiliwa kwa mpira.

"Soksi ni ya kuzuia upepo," akasema. "Tukipiga uwanjani upepo ulikuwa unavuma kwenye maikrofoni. Kikavishwa soksi, ukakoma."

"Aliyebuni hilo ana akili. Na ya pili iko wapi?"

"Nyumbani." Na cheko lake likazimika hapo hapo.

Alikuwa mwimbaji. Jina la jukwaani walimwita Chiriku, na bendi yake ilipiga Jumapili mchana katika ukumbi wa chama cha washonaji. Miaka miwili alikuwa hajapanda jukwaani. Sasa alikuwa amekubali kurudi, na zilibaki wiki tatu.

"Nataka kingine kabla hiki hakijafa," akasema. "Na vyote vilivyomo kwenye kadi yake uvihamishie huko."

"Nani alikuwa anakaa nacho wakati wa onyesho?"

"Mtu mmoja. Sasa hayupo."

"Amehama?"

Akaitazama soksi. "Ndiyo. Amehama."

Kijiuongo hicho, cha kukwepa macho ya huruma tu, ndicho kilichokuja kuleta balaa.

Maana aliyekuwa anakaa nacho alikuwa mumewe. Mpima ardhi, mtu mrefu, mchache wa maneno. Kila Jumapili alikaa safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kushoto, kinasa kwenye goti, kimevaa soksi. Na alikuwa na kikohozi. Kikavu, kifupi, mara mbili, na kilimjia pale pale kila wakati, ubeti ukiisha na kiitikio hakijaanza, utadhani na yeye analipwa na bendi. Mwishowe kikohozi hicho ndicho kilichomchukua.

Tangu azikwe, Chiriku akijaribu kuimba jikoni au chumbani, akifika pale alikisikia. Kho, kho. Siku ya kwanza aligeuka, akakuta kiti kitupu. Hakuogopa. Alichoogopa ni siku ambayo hatakisikia, kwa sababu hakujua angeingiaje kwenye kiitikio bila kusukumwa. Ndiyo maana alibeba kile kinasa kama yai. Mlikuwa na maonyesho arobaini na moja mle ndani, na katika yote mume wake anakohoa.

Fundi hakuuza kwa pupa. Alipanga vinasa vitatu kwenye kaunta, akasema, "Hivi havichaguliwi kwa macho. Twende kwenye ngazi."

"Kufanya nini?"

"Uimbe."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Kwani ukumbini unaimba nyuma ya watu?"

Akaimba kwenye ngazi za lile jengo, wapita njia wakasimama na mifuko yao mikononi. Kinasa cha kwanza kilikuwa kikubwa, maikrofoni nne, taa kila mahali. "Hiki cha kujionyesha," Fundi akasema, "betri zake haziwezi kumaliza hata nusu ya onyesho." Cha pili kidogo kama kiberiti, lakini Chiriku alipopanda juu sauti ikapasuka kama turubai. Cha tatu kilikuwa na maikrofoni mbili zilizopishana kama vidole vya mtu anayeficha siri. Kinakula betri za kawaida zinazopatikana kila kibanda, kinapokea waya kutoka kwenye miksa, ile mashine inayochanganya sauti za bendi, huku kikiusikiliza ukumbi, na kinaweka nakala mbili, ya pili ya sauti ya chini kidogo, ili ya kwanza ikipasuka ya pili ibaki.

"Hiki kinajua kwamba binadamu anapiga kelele bila kutoa taarifa," akasema Fundi.

"Basi nichukue hiki."

"Hapana, hatujakijaribu karibu na jenereta. Rudi kesho."

Akamwachia kinasa cha zamani ndani ya soksi yake, na kadi yake, akarudi kesho. Akarudi na keshokutwa, kukijaribu juani, na siku ya nne akarudi bila sababu yoyote ya kueleweka. Simu ya wifi yake, dada wa marehemu, ikamkuta pale pale kaunta.

"Wifi, hicho kinasa kinachochaguliwa wiki nzima kina vyumba vingapi?"

"Wifi, acha maneno. Ni kazi."

"Kazi! Na mafuta ya nywele uliyokuja kuazima jana nayo ni ya kinasa?"

Jioni jioni Fundi naye akaanza kupiga. "Chiriku, umekula?"

"Wateja wako wote unawauliza kama wamekula?"

"Wenye sauti za juu tu. Njaa inakata pumzi."

"Na wewe umekula, fundi wangu?" Neno "wangu" likamtoka kabla hajalishika, na upande wa pili mtu akasema haraka kwamba ameshiba.

Siku ya kuchukua mzigo, Fundi alikuwa amevaa shati jipya, mistari ya pasi bado inaonekana. "Nina zawadi," akasema, akamvalisha hedifoni kwa mikono yake miwili, polepole.

Wimbo ukaanza. Safi. Gitaa linameremeta, sauti yake mwenyewe imesimama karibu kama mtu ananong'ona sikioni. Ubeti ukafika mwisho. Chiriku akafumba macho, akangoja.

Hakuna. Pale palipokuwa na mumewe palikuwa na shimo, limekatwa kwa mkasi mkali.

"Umesikia?" Fundi anatabasamu. "Kulikuwa na mzee mmoja anakukoholea kila onyesho. Sijui nani alimruhusu akae karibu na kinasa. Siku nne nimekaa na kompyuta. Nimemtoa kote, hakubaki hata chembe."

"Umemtoa."

"Nyimbo zote."

"Kadi yangu iko wapi?"

"Kadi imekufa, dada. Ilisomeka mara moja tu, mara ya pili ikagoma, lakini..."

Chiriku akazivua hedifoni, akaziweka juu ya kioo taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. "Hakuwa mzee," akasema. "Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alikuwa mume wangu."

Akachukua kinasa chake cha zamani na soksi yake, akaondoka. Kinasa kipya akakiacha pale pale. Nyuma yake Fundi alikuwa anaita, lakini Chiriku alishaingia kwenye zile nyimbo kumi za njiani, na ndani yake mtu hasikii kitu.

Simu ililia siku hiyo, ikalia kesho yake. Hakupokea. Alikuwa na shida kubwa kuliko simu. Alisimama jikoni, mchana kweupe, akaimba ubeti mzima, akafika pale. Akangoja. Bomba linadondosha tone, jirani anaburuta meza. Kikohozi hakikuja. Akaanza upya, hakikuja. Akajaribu chumbani, akajaribu bafuni, akamwita mumewe kwa jina lake la utani kama mtu anayetafuta paka, nyumba ikamwitikia kwa utupu. Hata kichwani mwake alikuwa amefutwa. Watu huhama nyumba kwa kuogopa mizimu. Yeye alikaa sakafuni na kulia kwa sababu mzimu wake umeondoka.

Alhamisi wifi alipiga. "Niko mlangoni. Na siko peke yangu. Ukinifukuza mimi sawa, nimezoea, lakini huyu jua limempiga tangu asubuhi."

Fundi akaingia na mfuko mmoja, macho chini. Hakukaa.

"Sikuja kujitetea," akasema. "Nimekuja kurudisha. Nilichokisoma kwenye kadi hakijatupwa. Nakala za mwanzo zipo zote arobaini na moja, na kikohozi chake. Ungenipa dakika moja siku ile ningekwambia. Nimezihamishia humu."

Chiriku akashika ukingo wa meza.

"Na kuna kingine. Ukitoa kelele kwenye wimbo, kompyuta inaweza kukubakizia kile ulichokitoa, peke yake. Muziki unaondoka, yeye anabaki. Nimesikiliza kidogo tu, nikaona si haki yangu, nikazima." Akakiweka kinasa kipya mezani, akakibonyeza.

Kwanza upepo wa mbali. Kiti kikalia. Kitambaa kikajisugua kwenye goti. Halafu, kho, kho, karibu sana, ndani ya chumba kile. Wifi akaruka. "Kaka!" akasema, kama vile ameingia mlangoni.

Kisha mnong'ono, ule ambao muziki ulikuwa umeufunika miaka yote. "Sita."

Wakatazamana. Kiti, pumzi, kikohozi. "Saba na nusu."

"Ni nini hicho?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. "Maksi. Anakupa maksi! Hata mama yetu alikuwa anampa maksi za mchuzi, mpaka akanyimwa chakula."

Wakasikiliza mpaka onyesho la mwisho, lile alilokuja akiwa ameshikiliwa kwapani. Kikohozi kilikuwa kirefu, kimepasuka. Baadaye pumzi nzito. Baadaye: "Saba."

"Saba!" Chiriku akapiga meza. "Mtu anakufa, bado ananibania!" Akacheka, na machozi yakawa yanashuka ndani ya kicheko, na wifi naye vile vile, wameshikana mabega. Fundi alisimama dirishani kawapa mgongo.

Wifi alipokwenda kunawa uso, Chiriku akamwuliza, "Kwa nini ulijisumbua siku zote nne?"

"Niliambiwa amehama," akajibu polepole. "Na nilisikia kwamba kila ulipoimba, kuna mtu alikuwa karibu nawe kuliko chombo chenyewe. Nadhani nilikionea wivu kikohozi, Chiriku."

Jumapili jua liliingia ukumbini kwa madirisha ya juu. Chiriku alivaa gauni jekundu la zamani, lililopunguzwa kiunoni. Safu ya mbele ilikuwa imejaa, isipokuwa kiti cha tatu, ambacho kila mtu alijua hakikaliwi, na cha nne pembeni yake. Fundi akaja na kinasa mkononi, akasimama mbele ya Chiriku.

"Sikiombi hicho cha tatu," akasema. "Naomba cha nne."

Chiriku akafungua mkoba. Akatoa soksi ya pili, ile iliyokuwa nyumbani, akakivisha kinasa kipya, akakiweka kwenye kiti cha tatu, akapanda jukwaani.

Ubeti ukaisha. Akangoja kidogo zaidi ya kawaida, mpiga gitaa akamtupia jicho. Kimya. Basi akaingia kwenye kiitikio mwenyewe, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na mguu ukaikuta ngazi.

Ukumbi ulipobaki mtupu, na wafagiaji wanakusanya viti kule nyuma, wawili hao walikaa wakigawana hedifoni, sikio moja moja. Wimbo ukafika mwisho. Kabla ya makofi ikasikika pumzi ndefu, ya mtu aliyetoka chini ya maji.

"Nani huyo?"

"Mimi. Nilizuia pumzi kutoka mwisho wa ubeti. Niliogopa nikikohoa utasimama."

Chiriku akamgeukia. "Haya, unanipa ngapi?"

"Mimi si mwalimu. Mimi niambie kiti cha nne nikikalie mpaka lini."

"Mpaka nywele zikuishe, fundi wangu."

"Zimeshaanza."

"Najua. Ndiyo maana nimesema hivyo."

Alikuwa bado anacheka pale makofi yalipopungua ndani ya hedifoni. Chini yake, karibu, mbele kabisa, kukatoka sauti mbili kavu, fupi. Kho, kho.

Wote wawili wakabaki kama walivyokuwa. Mkono wa Chiriku ulikuwa umeshaushika wa Fundi bila yeye kujua.

"Ni wewe?"

"Ningekohoa kwa pumzi ipi?"

Chiriku akairudisha sauti nyuma mara moja. Ilikuwa pale pale. Hakuirudisha tena. Akainama, akaivuta ile soksi vizuri mpaka ikakifunika kinasa, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Usije ukaisafisha hii," akasema.

"Siigusi," akajibu Fundi.