Sindano Kumi za Asubuhi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilitunga uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto kando ya cherehani ya mama. Tano za uzi mweupe kulia, tano za uzi mweusi kushoto. Mama alikuwa fundi nguo anayesifiwa mtaa mzima. Wateja hawakujua kwamba haoni vizuri.

"Usimwambie mtu," aliniambia mwaka uliopita, siku ya kwanza aliposhindwa kutunga uzi. "Fundi asiyeona, nani atampa kitambaa chake?"

Nikafunga mdomo, tena nikajiona mtoto mwema kuliko wote. Hata alipojigonga bega mlangoni nilimtania, "Mama, huo mlango umekukosea nini?" Tukacheka wote wawili. Nikikumbuka kicheko kile sasa, roho inaniuma.

Siku moja niliamka nimechelewa. Nikatunga harakaharaka na kuchanganya pande, kisha nikatoka mbio. Mchana nilipotoka shule nilimkuta mteja wetu muuguzi amesimama kibarazani, gauni lake jeupe la kazi mkononi.

"Fundi, hiki nini?" aliuliza.

Upindo wote ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi. Mama akaupapasa kwa vidole, akitafuta kosa.

"Ni mimi!" nikadakia. "Nilikuwa najifunza kushona."

Muuguzi alimtazama mama machoni. Alichukua kalamu, akaishika kimya karibu na uso wa mama, upande wa kushoto. Mama hakugeuka wala hakupepesa macho.

"Fundi, nimeshika nini?"

"Si gauni lako?"

Nilishindwa kuvumilia. "Haoni!" nikalia. "Tangu mwaka jana namtungia sindano. Haoni!"

"Umeniaibisha, mwanangu," mama alisema polepole, akakaa chini. Ningeona nafuu kama angenichapa.

Kesho yake muuguzi alitupeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimpima mama kwa muda mrefu, akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, halitaona tena. La kulia lingeweza kuokolewa kwa dawa ya matone, kila siku bila kukosa.

"Tatizo lilianza lini?" aliuliza.

"Mwaka jana," nikajibu. Alitikisa kichwa, akaandika.

Siku hizi asubuhi namtilia mama dawa kwanza, ndipo natunga sindano, na kila mteja anaambiwa ukweli. Wawili walichukua vitambaa vyao wakaondoka. Muuguzi alileta gauni jingine.

Juzi, nikiwa nimeshika kichupa cha dawa, nilishindwa kujizuia. "Mama, nisamehe. Laiti ningesema mapema."

Alinivuta kifuani. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuficha, na wewe ulinitii. Ila nisikilize vizuri. Ukiona jambo linamdhuru mtu, hata kama ni mama yako na amekukataza, mtafute mtu mzima umwambie. Siku ile ya kwanza ungesema, ningekukasirikia wiki nzima."

Akapapasa shavu langu, akalifuta machozi.

"Lakini leo ningekuwa nakutazama kwa macho mawili."