Vibao vya Bwana Mafupi

Fundi alichonga vibao vya majina katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mke wake alipiga msasa na kupaka vanishi. Bei yao ilikuwa ya herufi. Neno refu, fedha nyingi. Neno fupi, fedha kidogo. Ubao wenyewe hawakuuhesabu.

Mteja mmoja walimwita Bwana Mafupi. Hakuwa mfupi, mlangoni aliinama. Walimwita hivyo kwa sababu ya maneno yake. Alikuja saa ambayo jua limewafukuza watu barabarani, na viatu vyake havikutoa sauti. Fundi aliinua macho akamkuta amekwisha kuingia, anapapasa mbao kama mtu anayepapasa shingo ya mnyama.

Kwanza aliagiza ubao mpana wa mbao ngumu, neno HAPA. Halafu NJE. Halafu BADO.

"Bado nini?" fundi aliuliza.

"Bado tu."

Akalipa, akaubeba ubao begani, akaenda zake.

Vibao hivyo havikuonekana tena. Mke wa fundi alivitafuta milangoni, getini, hata makaburini. Havikuwapo. Na tangu mtu huyo aanze kuja, stoo yao ya mbao ilizidi kuwa tupu. Wateja walikuwepo, kazi ilifanyika, lakini fedha ya kununua mbao nyingine haikutimia. Jioni mbao zilizobaki zililia, ta, ta, kama mtu anayegonga kwa kucha. Binti yao akakataa kupita hapo.

Fundi akasema stoo imeingiliwa na jini. Alitaka kufunga kazi mwisho wa mwezi, akaajiriwe na watengeneza milango. Mke akamjibu kwamba yeye hahamishwi na mlio wa mbao. Lakini kila alipoingia stoo aliuacha mlango wazi.

Siku moja alikwenda mgahawani na wifi yake, dada wa fundi, ambaye aliuza mbao. Walikaa kwenye meza mpya. Mke wa fundi alikuwa akisimulia mambo ya stoo, vidole vyake vikagusa mkato chini ya meza. Akaufuata polepole. B. A. Jasho jembamba likamtoka. D. O.

"Wifi, mbona umekuwa hivyo? Umeona jini?"

"Inama uangalie."

Wifi aliinama mpaka kichwa kikapotea chini ya meza. Alipoinuka alikuwa anacheka. Upande wa juu ulipigwa randa ukang'aa. Neno lilikuwa chini, gizani. Mwenye mgahawa akawaambia meza ameuziwa na bwana mmoja mrefu, mpole, asiye na maneno mengi.

"Jini wenu anajua hesabu," wifi alisema. "Ubao huu kwangu angelipa mara tatu. Ninyi mmempa kwa bei ya herufi nne. Hakuiba. Mlimuuzia."

Jioni ile wifi aliingia stoo. Mbao zikalia, ta. Binti akamshika nguo. Shangazi akamweleza kwamba mbao zisizokauka vizuri hulia zinaponywea, na kwamba baba yake anajua hilo, ila hofu imemsahaulisha. Kisha akamgeukia kaka yake. Akamwambia aanze na ubao: urefu, upana, unene, na aina ya mbao. Kipande kinachobaki bila kazi nacho kimelipiwa. Aongeze vanishi na msasa. Hapo ndipo aweke kazi ya mkono, yaani herufi, na mwisho faida. Neno moja kwenye bati, kwenye plaiwudi na kwenye mbao ngumu haliwezi kuwa na bei moja.

Bwana Mafupi akarudi, kimya kama kawaida. Alitaka HAPO. Fundi akachukua futi, akapima ubao, akataja bei.

Mgeni aliupapasa ubao ule.

"Siku zote ulihesabu herufi. Leo unauza mbao?"

"Siku zote nilikuwa nauza mbao," fundi alisema. "Leo ndiyo nimejua."

Bwana Mafupi akacheka, mara ya kwanza. Akaagiza kibao kidogo cha bati: MEZA NA VITI IMARA, INGIA UONE. Kilipokwisha alikitundika mbele ya karakana yake ya samani, na watu wote wakakiona.

Fundi hakufunga kazi. Stoo ikajaa mbao. Jioni bado zinalia, ta, ta, na binti anapopita huzijibu, "Tumewasikia."