Barua Tatu Kutoka Mpimbwe

Nina umri wa miaka ishirini na saba, nimerudi kuishi kwa wazazi wangu hapa Mwamkulu. Wasomaji wenzangu, niliolewa kanisani kwa vigelegele, na ndoa hiyo niliivunja kwa mikono yangu mwenyewe…

Mume wangu Deo alikuwa mtaalamu kijana wa mbung'o, ndiyo kwanza ametoka masomoni. Tulipanga chumba Misunkumilo. Wakubwa wake kazini waliandika kwa Kiingereza, wakasomana wenyewe kwa wenyewe. Deo alitaka mkulima naye ajue ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, unaanzaje, akaanza kuandika gazetini kwa Kiswahili chepesi.

Kila makala alinisomea mimi kwanza. Nikikunja uso kwa kutoelewa, anafuta, anaandika upya. Nilijiona malkia!

Kisha barua za wasomaji zikaanza kuja. Deo alizisoma huku akitabasamu, akazijibu moja moja mpaka ugali unapoa. Nyingine zilitoka kwa wanawake. Mimi wa darasa la nne ningeshindana nao vipi? Wivu ukaniingia, ukakaa…

Masika yalipokwisha alikwenda porini wiki sita kutega mbung'o. Posta nikawa nakwenda mimi. Ikaja barua kutoka Mpimbwe, mwandiko wa kike, jina Kalista. Nikaifungua.

"Mpendwa wangu Bwana Deo, tangu nisome maneno yako sina raha…"

Sikusoma zaidi. Niliitupa kwenye makaa, nikaikodolea macho mpaka ikawa majivu. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Hizo hata sikuzifungua!

Deo alikuwa amerudi siku mbili tu, mama mmoja akabisha hodi, vumbi la lori limemjaa mpaka kwenye kope. Nyuma yake alisimama mumewe, ameshikiliwa na shemeji yake, matezi yamevimba shingoni, anasinzia wima. Mama akasema anaitwa Kalista.

Hakugomba. Alieleza kwamba zahanati walimpa mumewe dawa za malaria tu. Yeye aliposoma gazeti akaona dalili ni zilezile alizoandika Deo.

"Nimekuandikia mara tatu, mwanangu," alisema. "Nikadhani labda mwandiko wangu hausomeki."

Deo alinigeukia. Alijua nani alikuwa anakwenda posta. Mimi nikainamisha kichwa…

Tuliwafikisha hospitali siku hiyohiyo. Daktari akasema ugonjwa umeshaingia kichwani, wamechelewa. Yule baba aliishi siku tisa.

Tulipotoka kuzika nilimweleza Deo yote. Nilisema nilidhani ni mpenzi wake. Nilitamani anipige, angalau niumie! Hakuninyooshea hata kidole.

"Yule mama hakuwa na mtu mwingine wa kumwandikia," alisema.

Tangu hapo aliandikia ofisini, akarudi kula na kulala. Mwisho aliomba uhamisho. Alifunga sanduku moja, la kwake. Mimi hakuniambia nifunge langu.

Dada zangu, nyie mnaosoma haya, wivu ukiwapanda, ulizeni! Kuuliza kungenipa aibu ya jioni moja, basi. Barua ya mtu msiichome. Msiihukumu kwa mstari wa kwanza.

Kalista amebaki na watoto wanne. Mpaka leo hajui barua zake zilikwenda wapi. Mara mbili nimepanda lori la Mpimbwe nikamwombe msamaha, mara mbili nimeshuka kabla halijaondoka…